Tumbo la Biskuti

Biskuti alitapika Jumatatu mbele ya mlango wa mzee Abner, na Bochaberi, mke wa mwana wa mzee huyo, akafagia bila neno. Alipotapika tena Jumatano, alifagia akinung'unika. Ijumaa asubuhi alimkuta amejikunja kando ya tangi la maji, akiharisha maji matupu na kutetemeka kama aliyenyeshewa. Hapo Bochaberi aliuweka ufagio chini, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akashika tama.

Biskuti hakuwa mbwa wa kulinda boma. Alikuwa mdogo kama paka aliyeshiba, mwenye manyoya marefu ya rangi ya chai ya maziwa. Jacinta, binti mkubwa wa mzee, ndiye aliyemleta kutoka mjini Kisii baada ya mazishi ya mama yao, ili baba yake asibaki akizungumza na kuta. Majirani walipomwona mara ya kwanza waliuliza kama ni mbwa au ni kofia. Mzee aliwaacha wacheke. Alimlaza miguuni pake, ndani ya nyumba, jambo ambalo halijapata kuonekana katika kilima chote kile cha majani chai.

Simu ililia kabla Bochaberi hajainuka kwenye ndoo.

"Biskuti ameamkaje?" aliuliza Jacinta. Alikuwa karani katika ofisi moja mjini, na kila siku aliuliza hali za watu wawili, baba na mbwa.

"Ameamka na tumbo tena, wifi."

"Tena? Ni mara ya ngapi?"

"Ya tatu wiki hii."

Jacinta alishusha sauti. "Wifi, nitakuuliza jambo, na usikasirike. Mbwa huyo analala nyumbani kwa baba. Anakula kutoka jikoni kwako, anakunywa maji yenu. Ikiwa tumbo lake linakataa, tumbo la mzee wa miaka sabini na minane lina hali gani?"

"Tata anakula vizuri, wifi!" alijibu Bochaberi, ambaye kwa Kigusii alimwita baba mkwe wake Tata, yaani baba. "Sahani zake zinarudi safi, hazina hata punje."

"Sijui. Mimi nimekwisha tandika kitanda katika chumba cha wageni. Mbwa akiugua tena, Sabato ya wiki ijayo nakuja kumchukua baba."

Simu ikakatika. Bochaberi akabaki ameishika sikioni. Kumhamisha mzee kutoka bomani mwake, na mke wa mwanawe yupo hai na ana mikono miwili, ni sawa na kusimama sokoni na kutangaza kwamba mke huyo hafai. Na mzee mwenyewe je? Siku walipomzika mkewe alisema mbele ya wachungaji na wakwe kwamba hatalala penginepo isipokuwa pale ambapo anaweza kuamka na kuliona kaburi lile. Sasa neno la mzee na jina la Bochaberi, vyote viwili, vilikuwa vinaning'inia kwenye tumbo la kijibwa.

*

Alimtia Biskuti katika kikapu, akamfunika kwa leso, akapanda bodaboda hadi mjini Nyamira, kwenye duka la dawa za mifugo alipofanyia kazi daktari Thadeus. Watu walikuwa kwenye foleni. Mmoja alikuwa na ndama mwenye jicho bovu, mwingine alitaka dawa ya kupe. Esnah, jirani yake wa ng'ambo ya kijito, alikuja kununua chakula cha vifaranga.

"Una kuku humo?" Esnah aliuliza, akiinua ncha ya leso. "Wee! Mama Sheila! Umelipa bodaboda kwa ajili ya mbwa?"

Foleni nzima ikamgeukia Bochaberi. Mwenye ndama akasema kwamba mwaka huu amekosea kuzaliwa binadamu, na watu wakacheka. Bochaberi alicheka pia, kwa kuwa asiyecheka pamoja na wanaomcheka huchekwa mara mbili.

Daktari Thadeus hakucheka. Alikuwa mtu wa ng'ombe, na vidole vyake vilionekana vikubwa mno juu ya tumbo lile dogo. Alibonyeza hapa, akabonyeza pale.

"Anakula nini?"

"Ugali mwororo kidogo, na maziwa. Ndicho ninachompa."

Kana kwamba alikuwa akingoja ushahidi huo utolewe, Biskuti alijikaza mgongo mara mbili na kutapika sakafuni. Daktari alichutama, akachokoa kwa kijiti. Kulikuwa na vipande vya matumbo vilivyokatwa vizuri kwa kisu, maharagwe mazima, na kitunguu kilichokaangwa hadi kikawa cha kahawia.

"Mama, maziwa yako yanakuja na maharagwe?"

Foleni ikaangua kicheko kipya. Bochaberi alihisi masikio yake yakiwaka moto. Matumbo yale alikuwa ameyaosha mwenyewe kwa maji matatu, akayakaanga kwa mkono wake jana jioni, na kuyapakua katika sahani moja tu. Sahani ya Tata.

"Mbwa wa aina hii hana tumbo la kufaa sherehe," daktari alisema kwa upole, akipima dawa. "Mafuta yanamchafua, na kitunguu kwake ni sumu. Ukimpa leo ataharisha, ukimpa kesho ataharisha, siku moja hataamka. Kuna mtu anamlisha, na anamlisha sana. Mtafute."

Alipotoka, Esnah alimfuata hadi barabarani. Alimshika kiwiko kama mtu anayetaka kukupa pole.

"Mama Sheila, mimi sisemi. Lakini watu wanasema. Wanasema majani chai ya mzee ni ekari mbili, mrithi hana subira, na mbwa ndiye anayeonjeshwa kwanza."

"Kuonjeshwa nini?"

"Mimi sisemi," Esnah alirudia, na akaenda zake na chakula chake cha vifaranga.

*

Katika nyumba za Wagusii kuna heshima iitwayo chinsoni, na heshima hiyo ina sheria kali baina ya mke na baba wa mumewe. Baba mkwe haingii nyumbani kwa mwanawe. Mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, hasimami kumtazama akila, wala mmoja hatamki mbele ya mwenzake jambo lolote la mwili. Kwa miaka kumi na tisa Bochaberi alikuwa ameishika sheria hiyo kama yai. Mama mkwe alipokuwa hai, chakula kilipitia mikononi mwake. Tangu alipokufa, Bochaberi aliiweka sahani kwenye kigoda mlangoni, akakohoa kidogo ili kutangaza, akaondoka akiwa ameinamisha macho. Baadaye alirudi kuichukua sahani.

Nayo ilirudi safi. Lo, jinsi ilivyorudi safi! Bochaberi hakuwa mtu wa majivuno, lakini sahani zile zilimpa fahari ya siri. Kila ilipokuja nyeupe, kesho yake aliongeza nyama kidogo, akaongeza mafuta, akapasua ndizi kubwa zaidi. Mumewe Masese, aliyekuwa mchongaji wa mawe kule Tabaka na aliyekuja nyumbani Ijumaa hadi Jumapili tu, alipouliza baba anaendeleaje, jibu lilikuwa moja: "Baba yako anakula kuliko wewe."

Sasa alidhani ameelewa. Mbwa ni mwizi. Mzee ana macho hafifu, anageuka kutafuta maji, na mwizi anapandisha pua kigodani. Kwa hiyo Jumapili, Masese alipokwisha kurudi Tabaka, Bochaberi aliweka chakula cha mchana, akakohoa, akaondoka kwa hatua za kusikika, kisha akazunguka nyuma ya migomba na kusimama mahali ambapo mlango ulionekana wazi. Alibeba mwiko wa kumtishia mwizi.

Aliona mkono wa mzee Abner ukiichukua sahani. Akamwona akikata tonge dogo kuliko la mtoto, akalitia kinywani, akalitafuna kwa muda mrefu sana huku amefumba macho. Kisha akakohoa, akainama, akalitema katika kitambaa na kukikunja kitambaa kile kwa uangalifu. Alingoja pumzi imrudie. Halafu akachukua kipande cha nyama, akakishusha chini.

"Haya, rafiki yangu," aliuambia mdomo uliokuwa ukingoja. "Kula upesi kabla hajarudi. Amepika vizuri leo, sikia harufu hiyo. Usimwaibishe. Kula yote."

Na Biskuti, ambaye hakujua kukataa, alikula yote.

Bochaberi aliushusha mwiko. Kwa mara ya kwanza alitazama pale alipokatazwa kutazama. Mshipi wa mzee ulikuwa umezunguka kiuno karibu mara mbili, na ncha yake ilichomekwa nyuma. Mifupa ya mabega ilinyanyua shati kama kitu kilichotundikwa msumarini. Miezi yote hiyo alikuwa ameyainamisha macho yake kwa heshima, na mtu alikuwa akiisha mbele yake.

*

Jioni hiyo hakupika nyama. Alikoroga uji wa wimbi, akauchuja mara mbili, akautia maziwa, akaupoza. Alipofika mlangoni alikohoa, akaweka bakuli kwenye kigoda, lakini hakuondoka. Aseme nini? Amwambie baba mkwe kwamba amemwona akitema? Hapakuwa na maneno ya namna hiyo katika kinywa cha mke wa mwana.

Biskuti alitoka kunusa bakuli. Bochaberi akachutama, akamtazama mbwa machoni.

"Biskuti," alisema kwa sauti ya kusikika ndani, "mwambie mwenye nyumba kwamba leo ni uji. Ni mwepesi. Hautaki kutafunwa."

Ndani kiti kikalia.

"Biskuti," sauti ya mzee ilijibu kutoka gizani, "muulize aliyekutuma ni nani amemwambia kwamba mimi ninanyonya."

"Mwambie hakuna aliyenena. Ni tumbo lako lililonena."

Mzee alicheka kidogo, na kicheko kikageuka kikohozi. Bochaberi alingoja, akimpapasa mbwa masikio.

"Mwambie," Abner alisema hatimaye, "ilianza mahindi yalipovunwa. Kwanza nyama ilikataa kushuka, nikalaumu meno. Kisha ugali. Siku hizi hata ndizi inasimama hapa kooni kama abiria aliyekosa nauli, haiendi mbele wala hairudi."

"Mwambie kuna hospitali, Biskuti."

"Mwambie mke wangu aliingia hospitali kwa miguu yake, akarudi ndani ya sanduku. Jacinta akilisikia neno hili, kesho nitakuwa mjini natazama dari la watu. Sitaki. Mwambie aliyekutuma, kama kweli ananiheshimu, afunge kinywa. Hata kwa mwanangu."

Jina la Bochaberi lilikuwa linachafuka kijijini, na maji ya kulisafisha yalikuwa hapa, katika sentensi moja tu ambayo angeweza kuipeleka kwa simu. Lakini alikuwa ameombwa, na aliyeomba hakuwahi kumwomba kitu tangu alipoolewa.

"Mwambie nitafunga," alisema. "Lakini uji uishe. Na uishie kwake, si kwako."

*

Kwa siku nne uji uliisha, na Biskuti akapona. Alirudi kukimbiza kuku, akakasirika alipopewa ugali mtupu, akawa anakwenda kukaa mbele ya jiko na kumtazama Bochaberi kama mdai. Lakini Bochaberi hakupata usingizi wa raha. Alikuwa akiyapima mabakuli. Bakuli la kwanza lilinywewa kwa dakika chache. La siku ya nne lilichukua alasiri nzima. Mara kumi alishika simu ili ampigie mumewe, na mara kumi aliirudisha mfukoni.

Ijumaa Masese alifika na kilo mbili za nyama ya mbuzi. Aliichoma mwenyewe kabla jua halijazama na Sabato kuingia, akachagua mbavu nzuri kwa ajili ya baba yake.

"Usimpelekee," Bochaberi alisema.

Masese akageuka na sahani mkononi. "Kwa nini?"

"Mpelekee uji. Nimeutia katika chupa, bado una joto."

"Baba yangu anywe uji nami nimeleta mbuzi? Kwa nini, Mama Sheila?"

Bochaberi alikaza kifuniko cha chupa. Masese alimtazama kwa namna ambayo hakupata kumtazama tangu waoane. Halafu akatoka, akampelekea baba yake nyama, akaketi naye wakaongea habari za Tabaka. Mzee aliisifu sana nyama ile. Alisema ataila polepole, mtoto wake akiondoka.

Kesho yake, gari la Jacinta lilipokuwa likiingia bomani baada ya ibada, kitu cha kwanza alichokiona ni Biskuti amesimama katikati ya uwanja, miguu imetanuka, akitapika.

*

Viti vilitolewa nje. Mzee Abner aliketi karibu na mlango wake, blanketi magotini. Masese alikaa upande mmoja, Jacinta upande mwingine akiwa bado na nguo ya kanisani. Bochaberi alisimama mbali kidogo, kwenye kona ya jiko, kama ilivyompasa.

"Sikuja kwa vita," Jacinta alianza. "Lakini nimesikia hata kabla sijafika. Esnah amenipigia simu. Daktari alisema kuna sumu ndani ya mbwa, watu wote dukani wamesikia."

"Alisema kitunguu," Bochaberi alisema.

"Basi nieleze, wifi. Mbwa anakulaje kitunguu? Anakulaje matumbo? Nimemleta mzima, ananenepa, na sasa mtazame. Ni nani anayepika hapa?"

"Ni mimi."

"Hakuna mwingine?"

"Hakuna. Chakula chote ni changu."

Masese alikuwa ameinamisha kichwa. Alisema bila kukiinua: "Jana ulinikataza nisimpelekee baba nyama. Nilikuuliza sababu, ukanyamaza. Niambie sasa, Mama Sheila. Mbele ya dada yangu. Sema kitu."

Bochaberi aliyatazama majivu yaliyokuwa miguuni pake. Kwa pembe ya jicho aliliona blanketi la mzee. Neno lilimjia hadi kwenye ulimi, akalimeza.

"Sina la kusema," alijibu. "Kama ni kumchukua Tata, nguo zake zilizokauka ziko kwenye kamba. Nitazikunja."

Jacinta akasimama. Machozi yalikuwa yakimtoka. "Masese, mwinue baba. Twende."

"Ketini," alisema mzee Abner.

Hakusema kwa nguvu, kwa kuwa hakuwa nazo. Lakini watoto wake waliketi. Alinyoosha mkono kumwelekea mbwa.

"Ninyi mnauliza ni nani anayemtia mbwa huyu ugonjwa. Ni mimi. Kila tonge mlilolikuta katika matapishi yake lilipita katika vidole hivi. Nyama yako ya jana, Masese, ni yeye aliyeila. Mimi sina nyama tumboni tangu wakati wa mavuno." Akalishika koo lake. "Njia imeziba. Huyu mke wako alijua Jumapili iliyopita, na mimi nilimwapisha asiseme. Mmemtukana tangu mlipoketi, na amenifichia siri. Nilidhani ninalinda heshima. Nimemfanya mtoto wa watu kuitwa mchawi."

Jacinta alikuwa wa kwanza kusogea. Alikwenda akapiga magoti, akaufungua ule mshipi uliozungushwa mara mbili, akauona ulivyo, akauachia.

"Tata," alisema. "Tata, kwa nini?"

"Kwa sababu yako, na kitanda chako cha wageni." Akamshika kichwa. "Nitakwenda hospitali Jumatatu. Nimechoka kumtesa mnyama. Lakini nitarudi kulala hapa. Kama watanikata, nitakatwa na kurudi. Kama hawataweza, nitarudi vilevile. Ahidini."

"Utarudi, Tata," Masese alisema. Kisha akamgeukia mkewe. Ni Jacinta aliyesema, akiwa bado ardhini, kwa sauti iliyokuwa nusu ya lawama na nusu ya kitu kingine:

"Wifi, ungeniambia."

"Ningekuambiaje, wifi?"

Na Jacinta, ambaye naye alizaliwa katika desturi ileile, akainama, akaufunga tena mshipi wa baba yake.

Bochaberi aliingia jikoni. Alimimina uji kutoka katika chupa, akaujaribu joto kwa mgongo wa mkono kama unavyopimiwa mtoto, akaupeleka uwanjani. Aliuweka kwenye kigoda mbele ya mzee, akakohoa kwa mazoea, akageuka aende zake.

"Mama Sheila."

Alisimama. Katika miaka kumi na tisa hakuwa amewahi kulisikia jina lake katika kinywa kile likielekezwa kwake moja kwa moja.

"Kaa hapa."

"Tata, siwezi kukaa ukila."

"Umekwisha kuniona nikitema. Sasa nione nikijaribu."

Masese alisogeza kiti. Bochaberi alikaa ukingoni, mikono imebana leso, na polepole akayainua macho hadi usoni pa baba mkwe wake. Uso ulikuwa mdogo kuliko alivyoudhania, na macho yalikuwa yanafanana na ya Masese.

Mzee alipiga funda. Koo lilipanda, likasimama, likashuka, uji ukapita. Funda la pili halikupita. Lilirudi kwa kikohozi na kumwagika kidevuni, na watoto wake wawili, ambao hawakuwa wamezoea kuliona jambo hilo, waligeuza nyuso. Bochaberi hakugeuka. Aliinuka, akachukua ncha ya leso yake, na hapo uwanjani, mchana kweupe, akamfuta baba mkwe wake kidevu, kisha shingo, kisha kidevu tena. Akalishika bakuli mwenyewe, akaliinamisha kidogo tu, kidogo kuliko alivyokuwa akifanya mzee.

Abner akafungua kinywa.